Vifaa vya zamani vya kugawia meno kwenye lezi ndogo za mafundi saa: kabla hujanunua sahani, soma hapa

njiti_ya_saa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Naona kila siku watu wanaulizana kuhusu hivi vifaa vya kugawia, yani zile sahani za matundu zinazofungwa nyuma ya hedistoki (kichwa kinachozungusha kazi) ya lezi, mashine ya kukerezea ya fundi saa, ili uweze kukata meno ya gurudumu au pinioni (kigurudumu kidogo, meno yake tunayaita majani) kwa nafasi zilizo sawa, na maswali ni yaleyale, nimeona ipo safi inang'aa je ninunue, hii ni ya Boley au ya Lorch (watengenezaji wa Ujerumani), hii itaingia kwenye WW yangu. Ngoja niweke ninachokijua hapa, wenye nyongeza waje.

Kwanza ukishika hivi vifaa usiangalie sahani, angalia pini. Najua sahani ndo inavutia, ina miduara ya matundu imepangwa vizuri na namba zimegongwa pembeni, lakini sahani inaweza kutengenezwa upya na mtu yeyote mwenye subira. Pini na mkono wake na jinsi unavyokaa kwenye hedistoki, hicho ndo kitu kigumu. Nikiletewa sahani tano nzuri bila pini, na nikaletewa pini nzuri na sahani moja mbovu, nachukua pini bila kufikiria.

Sasa kwa wale wageni kabisa. Lezi nyingi za muundo wa WW, yani Webster-Whitcomb, ule muundo wa American Watch Tool Company ya Waltham kule Massachusetts ambao baadae kila mtu akauiga, koleti (vishikio vya kubania kazi) za 8 mm, kimo cha senta 50 mm juu ya kitanda, zinakuja tayari na matundu kwenye puli ya hedistoki. Kwa kawaida ni 60. Kuna kapini kadogo kwenye hedistoki kanaingia kwenye tundu na spindeli, ule mhimili unaozunguka, inasimama hapo. Watu wengi wana lezi miaka na hawajawahi kukagusa, wanadhani ni ka kufungia puli isizunguke wakati wa kubadilisha koleti. Hapana, hicho tayari ni kifaa cha kugawia, tena cha bure.

Tatizo 60 haikufikishi mbali. Inakupa 60, 30, 20, 15, 12, 10, 6, 5, 4, 3, 2. Kwa hiyo gurudumu la eskepumenti (la mwisho, linaloachia nguvu kidogo kidogo) la meno 15 unapata, pinioni ya majani 6, 10 au 12 unapata. Pinioni ya 8 huipati, 7 huipati. Na chukua saa ya kawaida kabisa ya mapigo 18,000 kwa saa, mpangilio mmoja unaokutana nao sana ni gurudumu la kati 80, la tatu 75, la nne 80, eskepumenti 15, na pinioni 10, 10 na 8. Piga hesabu mwenyewe, 80 gawa 10 mara 75 gawa 10 mara 80 gawa 8 mara 30 (meno 15, mapigo mawili kila jino), inatoka 18,000 kamili. Sasa kwenye hiyo treni yote, yani mfululizo wote wa magurudumu, ile puli yako ya 60 inakusaidia kwenye 15 na pinioni za 10 basi. 80 hamna, 75 hamna, 8 hamna.

Ndo maana hawa jamaa wa zamani wakatengeneza vifaa vya ziada. Naendelea kwenye komenti zinazofuata, ulizeni.

koleti8

Uzi mtamu huu, nimekaa pale. Mkuu mimi nina swali la kijinga, kwanini wasitengeneze tu sahani moja yenye duara moja la matundu mengi sana halafu ikafanya kila kitu?

njiti_ya_saa

Sio la kijinga kabisa. Hesabu yake hii hapa. Ukitaka duara moja ligawanyike kwa 80, 75 na 60 unahitaji matundu 1,200. Ukiongeza na 64, maana kuna saa kibao zina 64 kwenye la kati, unafika 4,800. Hebu fikiria kutoboa matundu 4,800 kwenye duara la sahani inayokaa nyuma ya kilezi ambacho unakibeba kwa mkono mmoja. Haiwezekani. Kwa hiyo wakaweka miduara mingi kwenye sahani moja, kila duara na kazi yake, au sahani nyingi za kubadilisha.

Na hapa ndo watu wanapigwa. Unakuta sahani ina duara la 360 mtu anafurahi anaona 360 ni namba kubwa itafanya kila kitu. 360 kwa 80 ni 4.5, imekula kwako. 360 kwa 75 ni 4.8, hamna. 360 kwa 64 ndo usiseme. 360 ni nzuri kwa kuchora digrii na kwa 72, 90, 60, 36. Kwa fundi saa duara la 240 lina faida kuliko 360, maana 240 inakupa 80, 60, 48, 40, 30, 24, 20, 16, 15, 12, 10, 8, 6. Weka na duara la 150 upate 75, na la 192 kwa ajili ya 64 (96 haitoi 64, inakupa 48, 32, 24, 16, 8), hapo umemaliza karibu kazi zote za saa ya mfukoni na ya mkononi.

Kwa hiyo andika kwanza kwenye karatasi meno ya saa unazozitengeneza. Halafu ndo uende kuangalia sahani.

brasi_tupu

Nakazia hapo. Na wauzaji wengi wenyewe hawajui sahani ina matundu mangapi, wanaandika tu sahani ya kugawia ya zamani, haijatumika. Muulize akupigie picha karibu ambayo unaweza kuhesabu mwenyewe. Ukihesabu weka alama kila tundu la kumi, usihesabu kwa macho tu, macho yanaruka.

Mimi naomba mzee wa pini aje aelezee hiyo pini maana naona ameanza na pini halafu kaishia kwenye matundu.

njiti_ya_saa

Haya, pini.

Ziko aina kama tatu. Ya kwanza ncha ya koni, inasukumwa na springi inaingia tundu la duara. Ya pili ncha ya silinda iliyonyooka. Ya tatu sio pini ni wenzo wenye jino la kabari linaloingia kwenye mfereji uliokatwa kwenye ukingo wa sahani.

Ya koni ndo nyingi. Uzuri wake inajitafutia katikati, tundu likilika kidogo koni inaingia ndani zaidi na bado inabana. Lakini ina ugonjwa mmoja, ncha ikigusa mwisho wa tundu kabla ubavu wa koni haujagusa mdomo wa tundu, pini inaonekana imekaa lakini sahani inatikisika. Unaweza usilione kwa jicho. Jinsi ya kujua, paka ncha wino wa maka, iingize, itoe, angalia wino umefutika wapi. Ukifutika kwenye kipete chembamba kuzunguka ubavu uko salama. Ukifutika kwenye ncha tu, tundu lina uchafu ndani au ni fupi, safisha kwanza kwa njiti ya mti na mafuta ya taa kabla hujailaumu pini.

Ya silinda inataka tundu na pini vikae barabara, ikishalika imelika, hamna cha kujirekebisha.

Ya kabari mimi ndo naipenda kuliko zote. Nzuri utakuta ubavu mmoja wa jino umenyooka kuelekea katikati ya sahani, ubavu wa pili ndo umelala. Ule ulionyooka ndo unaoamua nafasi, uliolala kazi yake ni kusukuma tu. Kwa hiyo hata mfereji ukilika upande wa kusukumwa, nafasi haibadiliki. Aliyebuni hiyo alikuwa anafikiria miaka mingi mbele.

Sasa mkono wenyewe. Mkono unaobeba pini unafungwa kwenye hedistoki au kwenye kitanda, na ndo unatakiwa usicheze hata kidogo. Shika mkono, sukuma juu chini pembeni huku pini iko ndani ya tundu na saa ya kupimia, ile yenye mshale, imegusa kitu kwenye spindeli. Mshale ukienda na ukarudi palepale, hiyo ni springi ya chuma tu, unaweza kuishi nayo. Mshale ukienda usirudi, kuna kitu kimelegea au kimelika, mara nyingi ni egemeo la mkono.

MzeeSpindeli

Vijana mnaongea vizuri. Niongeze la ukubwa wa duara kwa sababu halisemwi vya kutosha.

Chukua gurudumu la meno 80, moduli (kipenyo gawa idadi ya meno) 0.12. Kipenyo cha mstari wa kukutania ni 9.6 mm. Kipenyo kamili cha kukereza kabla ya kukata, kwa yale majedwali yanayoongeza 2.76 kwenye idadi ya meno, kinakuja 9.93 mm. Unene wa jino moja ni kama 0.19 mm. Shikilia hiyo 0.19.

Sasa pini yako inacheza 0.1 mm kwenye tundu. Ukiwa na sahani ambayo duara lake lina kipenyo cha 100 mm, mchezo huo kwenye gurudumu unakuwa chini ya 0.01 mm. Asilimia tano ya jino, saa itatembea. Mchezo huohuo ukiwa kwenye matundu ya puli yenye duara la 30 mm, unapata 0.032 mm. Hiyo ni asilimia 17 ya jino. Saa hiyo itakusumbua mpaka uichukie.

Ndio maana sahani za zamani nzuri ni kubwa kuliko hedistoki yenyewe. Mtu akikwambia ndogo ni nadhifu zaidi mwache na unadhifu wake. Na hili la kugawa kitu kidogo kwa kutumia kikubwa sio la mafundi saa peke yao. Jesse Ramsden wa London, ambaye maelezo ya mashine yake ya kugawia yalichapishwa 1777, gurudumu lake kuu lilikuwa na meno 2,160, kila mizunguko sita ya skrubu unapata digrii moja, na alikuwa anagawia vyombo vya mabaharia vidogo sana ukilinganisha na mashine.

koleti8

Shikamoo mzee. Hapo kwenye skrubu ndo nataka kuuliza, nimeona kifaa kina womu (skrubu inayosukuma gurudumu la meno) na mpini wa kuzungusha na kisahani kidogo pembeni, hicho ni bora kuliko sahani ya kufunga moja kwa moja?

MzeeSpindeli

Marahaba. Kwa hesabu ni bora, kwa mkono kinachosha.

Womu wa 40 kwa 1 maana yake mpini ukizunguka mara 40 spindeli inazunguka mara moja. Kosa la tundu kwenye kisahani linagawanywa kwa 40, kwa hiyo hata kisahani kibovu kinafanya kazi nzuri, ila kosa la gurudumu la womu lenyewe linaingia lote kwenye kazi, halipunguzwi na kitu. Angalia meno ya gurudumu hilo kwanza. Yakiwa yamelika sehemu moja tu, ujue mwenye nalo alikuwa akianzia palepale siku zote.

Na uzuri mwingine, ile 4,800 ya njiti inayeyuka. Meno 80, nusu mzunguko. Meno 60, theluthi mbili. Meno 75, mizunguko 8 kwa 15. Meno 64, mizunguko 5 kwa 8. Kwa hiyo duara la 15 na duara la 16 tu vinakufanyia treni nzima: kwenye 15 unaruka nafasi 10 kwa 60 na nafasi 8 kwa 75, kwenye 16 unaruka nafasi 8 kwa 80 na nafasi 10 kwa 64. Sahani ya kwanza ya Brown & Sharpe, kampuni ya zana ya Marekani, ina 15, 16, 17, 18, 19 na 20, hivyo hiyo moja tu inatosha.

Lakini kifaa cha zamani usidhani ni 40. Weka alama kwenye spindeli, zungusha mpini uhesabu. Na hesabu nafasi, sio matundu. Tundu ulilopo sasa hivi ni sifuri. Wengi wanaharibu brasi hapo.

Halafu womu una mchezo siku zote. Zungusha upande mmoja tu. Ukipitiliza, rudi nyuma sana, karibu mzunguko mzima, kisha uje tena kwa upande uleule.

mota_na_waya

Wakuu mimi sipingi vya kale ila siku hizi si unafunga tu mota ya hatua (inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo) na programu ndogo, unaandika 75 unabonyeza kitufe, mambo ya kuhesabu matundu ya nini jamani 😅

njiti_ya_saa

Sawa kabisa, hakuna anayekukataza. Ila uwe makini na kitu kimoja ambacho sahani ya zamani haiwezi kukufanyia. Mota ya hatua 200 kwenye womu wa 40 inakupa hatua 8,000 kwa mzunguko. 8,000 kwa 80 ni 100, safi. Kwa 64 ni 125, safi. Kwa 75 ni 106.67. Programu yako ikikadiria kwenda namba nzima ikafanya 107 kila jino, ukifika jino la 75 umeshatembea hatua 8,025, umepitiliza hatua 25, na nafasi ya jino zima ni kama 107, kwa hiyo jino la mwisho linakuwa limeliwa karibu robo ya nafasi. Programu inatakiwa kila jino ihesabu kuanzia mwanzo, namba ya jino mara 8,000 gawa 75 ndo ikadirie, sio kuongeza 107 juu ya 107. Sahani haina ujinga huo, tundu liko pale lilipo.

Af mota nayo inashikilia kwa umeme tu, kisu kikivuta ghafla inaruka hatua na haikwambii.

mota_na_waya

Daah. Kumbe. Naenda kuangalia programu yangu 🏃

brasi_tupu

😂😂😂

Turudi kwenye vya zamani. Vipi kuhusu kuingiliana? Nina kifaa kinasemekana ni cha Lorch, lezi yangu ni WW.

njiti_ya_saa

Hapo usiamini maneno, amini kipimo. Kifaa chako kinaweza kuwa cha lezi ya Geneva, muundo mwingine. Lezi za Geneva kitanda chake ni kama nondo ya mviringo iliyochongwa bapa upande mmoja, na zipo za koleti za 6 mm, 6.5 mm na 8 mm. WW kitanda kingine kabisa. Kwa hiyo kama mkono wa pini unafungwa kwenye kitanda hautakaa bila kutengeneza kiti kipya. Kama unafungwa kwenye hedistoki, angalia kimo cha senta na mahali tundu la skrubu lilipo.

Sahani nayo, pima tundu lake la katikati na pima mkia wa spindeli yako. Nyingine zinakaa juu ya mkia, nyingine zina plagi inayotanuka ndani ya tundu la spindeli. Zile za plagi zinahamishika kirahisi zaidi, ila baada ya kufunga hakikisha sahani inazunguka bila kuyumba. Sahani iliyokaa nje ya senta inakupa meno yanayonenepa upande mmoja wa gurudumu na kukonda upande wa pili, na ukihesabu utakuta idadi iko sawa, ndo maana watu wanalaumu kisu.

Wala usitanue tundu la sahani ya zamani ili iingie kwenye lezi yako. Tengeneza bushi, au kereza mkia wa kuunganishia. Sahani ya Derbyshire (watengenezaji wa Marekani) au Boley ikishatanuliwa ovyo haikufai wewe wala atakayeipata baada yako. Kutoboa duara jipya kwenye sahani ya zamani ndo kabisa, mi naona ni uharibifu.

koleti8

Sasa mkuu kama sahani ninayoitaka ya 75 haipo na sitaki kutoboa ya zamani nafanyaje?

njiti_ya_saa

Unatengeneza yako. Njia ya watu wa kale inafanya kazi mpaka leo. Chukua utepe wa chuma au hata karatasi ngumu isiyovutika, chora nafasi 75 za milimita 10, jumla 750. Diski ya mbao au plastiki inayozungukwa na 750 ina kipenyo cha kama 238.7 mm, lakini usiikereze kwa hesabu, ikereze kubwa kidogo halafu punguza kidogo kidogo mpaka ncha mbili za utepe zikutane bila pengo na bila kupandana. Funga diski nyuma ya spindeli, tengeneza kielekezi chenye ncha, umepata kigawio cha 75. Hata ukikosea mstari kwa 0.2 mm, kwenye gurudumu letu la 9.6 mm inakuwa 0.008. Ukitaka ya kudumu, tumia hiyo diski kutobolea sahani ndogo ya brasi na kosa linapungua tena njiani.

Njia nyingine ni gia. Gia ya kubadilishia ya lezi kubwa yenye meno 75 au 80, ifunge nyuma ya spindeli, wenzo wa kabari uingie kati ya meno, basi.

MzeeSpindeli

Hiyo ya gia ni nzuri, ila gia iliyotumika muda mrefu imelika upande mmoja. Igeuze, tumia ubavu usiolika.

Na kabla hujakata gurudumu lolote, fanya jaribio. Weka kipande cha brasi, kwa ncha kali chora vimstari vyepesi kuzunguka, hatua zote mpaka urudi mwanzo, na baada ya ya mwisho ruka moja tena. Kimstari hicho kinatakiwa kiangukie juu ya cha kwanza. Kiangalie kwa lupu (kioo cha kukuzia). Ukiona viwili, ama umehesabu vibaya ama kuna kitu kinacheza.

brasi_tupu

Mzee swali la mwisho kutoka kwangu. Meno yangu yanatoka yamelala, yani yote yameinama upande mmoja kama yanataka kuanguka, sahani nimeipima iko sawa, pini iko sawa.

MzeeSpindeli

Hiyo sio sahani. Kisu hakiko kwenye mstari wa senta ya spindeli. Sahani inaamua nafasi kati ya jino na jino, haiamui jino linaelekea wapi. Weka ncha kali kwenye koleti, leta kisu mpaka ncha yake ikutane na ile, kwa lupu, kimo na upande. Kisha kata mifereji miwili tu kwenye kipande cha majaribio, angalia jino lililobaki katikati kama mabavu yake yanafanana.

Na kata kidogo kidogo. Lezi hizi nyingi hazina breki ya spindeli, kinachoshikilia ni pini pekee, ukilazimisha kisu kula kina chote kwa mara moja unaisukuma pini ndani ya tundu lake na miaka miwili baadae unakuja hapa kuuliza kwanini matundu yamekuwa mayai.

brasi_tupu

Asante mzee. Kisu kiko juu ya senta, nimekipima sasa hivi, nywele tu lakini kiko juu. Nashusha.

koleti8

Na mimi nimehesabu ile sahani niliyokuwa nimeitolea macho kwenye picha. Miduara minne: 360, 100, 72, 48. Kwa hiyo 80 hamna 75 hamna 64 hamna?

njiti_ya_saa

Hamna. 48 inakupa pinioni ya 8, 72 inakupa 36 ya gurudumu la dakika. Muulize muuzaji kama mkono wa pini upo. Ukiwepo tuma picha yake ya karibu.